Tahadhari: «Kinga ya utumbo» inayouzwa kwa wagonjwa wa mionzi hapa Mwanza

Ndugu wenye wagonjwa wanaopata tiba ya mionzi hospitali ya Bugando, hasa mliopanga vyumba mkitokea Ukerewe, Sengerema na Geita, jihadharini na muuzaji anayezungukia nyumba za wageni na unga wa kahawia, shilingi 85,000 kwa chupa, akidai kwamba unaizuia mionzi isiharibu utumbo. Sisi tulimnunulia mama yangu mdogo, anayetibiwa saratani ya shingo ya kizazi.

Tulinaswa kwa sababu mengi asemayo yana ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga huugusa na utumbo, ambao seli za ukuta wake hujizalisha upya kila baada ya siku chache na kwa hiyo huumia upesi, hata wagonjwa wengi wakaanza kuhara katika wiki ya pili au ya tatu. Ni kweli pia kwamba kukumini itokanayo na bizari ya manjano na resveratroli ya maganda ya zabibu zimeonekana kuukinga utumbo wa panya wa maabara. Asichokisema ni kwamba panya hao aghalabu hupewa dozi kabla ya kupigwa mionzi, kwamba kukumini ikimezwa na binadamu huingia kidogo mno katika damu, na kwamba kinachoikinga seli yenye afya chaweza kuikinga na ya saratani. Hapo utakuwa umelipa fedha kuutetea ugonjwa.

Chupa haikuonyesha kilichomo, wala haikuwa na namba ya usajili ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) au ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Siku ya pili mama alihara mfululizo, naye alikuwa amepata mionzi kwa siku nne tu, mapema mno kuilaumu mionzi. Unga ulikuwa mchungu kama shubiri, na nashuku ndiyo yenyewe, kwa kuwa utomvu wa mshubiri huharisha. Nilipompigia, muuzaji alijibu kwamba ni sumu zinatoka, akataka tuongeze kijiko na daktari asiambiwe. Neno hilo la mwisho ndilo lililonizindua. Kesho yake tulimpelekea daktari chupa yenyewe. Aliusimamisha unga, akampa mama ORS na vidonge vya kufunga tumbo.

Namba ya muuzaji haipatikani tena, lakini juzi jirani alimwona Igoma na chupa zilezile zenye lebo mpya. Mlionunua msizitupe: mwonyesheni daktari wa mgonjwa, kisha mzifikishe ofisi ya TMDA hapa jijini.