Ekzosi ya elfu 38 kwenye pikipiki kuukuu, nimeitumia miezi minne hapa Tanga

Pikipiki yangu ni ya Kichina cc 125, injini yake ni ile ya mtindo wa CG ambayo Honda waliianzisha 1976 na wengine wakaiga mpaka leo, nimeinunua mkononi kwa mtu na sasa ina miaka 11 barabarani. Nabebea samaki. Saa kumi alfajiri niko Deep Sea wanaposhusha samaki, nikikosa mzigo nakwenda Sahare, napakia matenga mawili nyuma alafu naelekea Pongwe na siku zingine nafika Muheza kabisa. Hii kazi ndo iliyoua ekzosi ya kwanza, mana maji ya samaki yana chumvi na yanadondokea juu ya sailensa ikiwa ya moto, weka na huu upepo wa bahari wa kwetu, chuma hakina maisha. Ilitoboka chini nikachomelea, ikatoboka pembeni ya weldi nikachomelea tena, mara ya tatu fundi kule Makorora akaigonga kwa nyundo akanambia, "Kaka, hapa hamna bati tena, nachomelea kutu."

Na wengi hawajui kuwa sailensa inaoza zaidi kwa ndani kuliko nje. Petroli ikiungua inatoa maji, lita moja ya petroli inatoa maji karibu lita moja, yanatoka kama mvuke. Ukiwa na safari ndefu yanatoka yote, ila ukiwa wa kuwasha unaenda mtaa wa pili unazima, yanatulia chini ya sailensa yanakula bati taratibu. Ndo mana nyingi zina kitundu kidogo kwa chini. Fundi wangu wa kwanza alikiona akadhani ni ubovu akakiziba kwa weldi na mimi nikamshukuru. Jamani kile kitundu msikizibe.

Nikaanza kuulizia bei Ngamiani. Ya original waliniambia elfu 85. Ya bei rahisi, haina jina haina boksi, imeviringishwa nailoni tu, elfu 45, nikabembelezana na muuzaji ikaja elfu 38. Ukiishika mkononi unajua hapo hapo bati lake ni jembamba, ni nyepesi sana kuliko ile kuukuu hata ilivyokuwa imeliwa na kutu. Rangi nyeusi imepakwa vizuri kwa nje. Haikuja na gasketi (ile pete ya kuzibia kiungio cha mbele), haikuja na kinga ya joto, na sikio la kufungia nyuma nilipolisogeza kwenye fremu tundu lilikuwa limepishana kama sentimita moja na nusu. Hapo dukani nililiona lakini muuzaji akasema fundi atavuta litakaa.

Kufungua ya zamani ilikuwa kazi peke yake. Nati mbili za kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, spana namba 10, zimeshikana na kutu mpaka hujui nati inaishia wapi na stadi (ule msumari wa nyuzi uliokazwa kwenye hedi) linaanzia wapi. Fundi alitaka kuweka bomba kwenye spana azungushe kwa nguvu, nikakataa, nikapaka oili jioni nikaacha ilale, asubuhi nikawasha injini ipate moto kidogo ndo tukaanza kulegeza, mbele kidogo nyuma kidogo. Moja ilifunguka, nyingine ikatoka na stadi lake zima zima, hiyo ni heri mana stadi likikatikia ndani ya hedi hapo ni kutoboa na kukata nyuzi upya, hela yote uliyookoa kwenye ekzosi inaishia huko.

Sasa kosa lilipofanyika ni kwenye kufunga. Fundi alikaza kwanza mbele mpaka mwisho, alafu akaja nyuma akaweka nondo akavuta ekzosi kwa nguvu mpaka tundu likakutana na fremu, akapitisha bolti. Kwa macho imekaa, imenyooka. Lakini lile bomba lilikuwa limefungwa likiwa linavuta kama upinde, na gasketi aliyoweka ni ile ile ya zamani iliyobondeka. Siku ya pili tu nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga mafataki, pa! pa! pa! Nikafikiri ni kabureta. Kumbe pale kwenye hedi hewa inaingia, inakutana na mafuta yasiyoungua ndani ya bomba la moto, yanalipuka humo humo. Ukitaka kujua kama inavujisha angalia kwenye kiungio, utaona masizi meusi yamejipaka kwenye hedi, au wakati injini ni ya baridi washa usogeze mkono karibu (usiguse) utasikia upepo unapuliza pu pu pu.

Wiki ya tatu sikio likakatika. Nilikuwa karibu na Kange, nina matenga mawili ya vibua nyuma, nikasikia kitu kinaburuza. Nikafunga na waya wa binding nikaenda hivyo mpaka Pongwe, roho juu, mana ekzosi ikidondoka ikaingia kwenye tairi ya nyuma ni mimi na samaki wote chini.

Nikabadilisha fundi. Huyu wa pili ni kijana mdogo tu, nikamweleza, akanambia, "Mzee tusiilazimishe, tuitengenezee sikio lake." Akakata sikio la kiwandani lote, akaninginiza ekzosi mbele kwa nati zilizolegea, akaiacha ikae inavyotaka yenyewe, ndo akapima na kuchomelea flati, kipande cha chuma bapa cha milimita 3, pale tundu lilipo. Gasketi akaweka mpya ya shaba. Kukaza akaanza na zile mbili za mbele kwa zamu, huku nusu huku nusu ili kiungio kikae sawa, ya nyuma akamalizia. Mafataki yakaisha siku hiyo hiyo. Tangu hapo sikio halijatikisika na nimeshakwenda Muheza sijui mara ngapi.

Kitu kingine, hii ekzosi inapumua zaidi kuliko ya zamani. Wengi tunaifurahia sauti tunasema pikipiki imepata nguvu. Nguvu siioni, ni nyepesi kidogo kwenye gia ya tatu basi. Ila injini ilianza kuchemka, nikafungua plagi nikakuta nyeupe kama chokaa. Plagi ikiwa ya kahawia ni nzuri, nyeusi ya masizi mafuta yanazidi, nyeupe hewa imezidi mafuta, na hapo ukiendelea na mzigo mzito unachoma valvu au pistoni. Kwenye kabureta nilikuta jeti kubwa (kile kitundu cha kupitishia mafuta, namba ikiwa kubwa yanapita mengi) ni 95, namba imechongwa pale pale kwenye jeti, tukaweka 100, plagi ikarudi kahawia. Usiruke namba nyingi kwa mkupuo, na usianze na jeti kabla hujaziba kuvuja mana utakuwa unatibu ugonjwa usiokuwepo.

Sauti. Muuzaji alinambia nikitaka ingurume nitoe kile kibomba cha ndani kwa nyuma, kinashikwa na skrubu moja. Nilikitoa wiki ya kwanza. Natoka nyumbani Mikanjuni saa kumi kasoro, mtaa umelala. Siku ya nne mzee jirani akanisubiri baada ya sala ya alfajiri, nimemwamkia shikamoo akaitikia marahaba alafu akanishika mkono akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, mjukuu wangu anashtuka kila siku analia, na mama yake yuko kwenye uzazi." Niliona aibu sana. Nilikirudisha kibomba siku ile ile na sitakitoa tena.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni hili la kinga ya joto. Ekzosi iko upande wa kulia na hii haikuwa na kava lolote. Binti yangu ana miaka 7, nampeleka shule, alishukia kulia akagusa kwa mguu, ngozi ikababuka hapo hapo. Jirani mmoja alikuwa ameshakuja mbio na dawa ya meno, mke wangu akakataa akamweka mguu chini ya maji ya bomba yanayotiririka. Zahanati nesi alisema amefanya vizuri, maji ya kawaida dakika 20, dawa ya meno na mafuta msipake. Amepona lakini alama ipo, naiona kila asubuhi anapovaa soksi. Kesho yake nilitengeneza kinga ya bati, elfu 8 tu, imeachana na bomba kwa nafasi ya kidole ili hewa ipite. Elfu 8 ambayo ningeitoa siku ya kwanza.

Hesabu yangu: ekzosi 38,000, gasketi 2,000, flati na kuchomelea 7,000, jeti 4,000, kinga 8,000, mafundi wawili 10,000. Jumla 69,000. Ile ya 85,000 inakuja na kinga, sikio linakaa, ningelipa fundi 5,000 tu, inakuwa 90,000. Nimeokoa 21,000 na nimepoteza siku mbili za kazi. Kwa mtu anayebeba mizigo peke yake na ana fundi mvumilivu, inunue, inafanya kazi. Kwa anayebeba abiria au watoto mimi namwambia ajibane aongeze hela achukue ile yenye kinga yake.

Sasa hivi rangi imeungua yote kwenye kona ya mbele na kutu ya kwanza imeshatokea chini ya weldi. Nimeweka kipande cha raba ya tairi chini ya matenga maji yamwagikie pembeni, na nikirudi naiacha ipoe alafu namwagia maji baridi ya bomba kuondoa chumvi. Binti anapanda na kushukia kushoto.