Nililipa kiti kizima, mwanangu akaona kisogo

Jambo hili liko kifuani tangu msimu wa Krismasi. Wazazi wenzangu hapa London wakiniuliza kama inafaa kuwakatia watoto tiketi za bei ya juu za West End, ule mtaa wa kumbi kubwa za maigizo, jibu langu hubadilika kulingana na nilivyoamka. Leo nimeamka na hasira.

Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 5. Lilikuwa onyesho la muziki, la mchana, katika moja ya zile kumbi kongwe zenye ngazi nyembamba na viti vilivyobanana. Tiketi pauni 72.50 kila mmoja, mtoto kwa bei ileile ya mtu mzima. Jumla pauni 217.50, nauli hujaigusa, maji hujanunua. Kwa pesa za nyumbani inapita shilingi 35,000 za Kenya. Nilipomtajia mama yangu kule Mombasa alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Lakini nilijibana, nikanunua, tena nikachagua viti vya chini makusudi ili watoto wawe karibu na jukwaa. Hapo ndipo nilipokosea. Sakafu ya chini katika majengo yale ya zamani haina mwinuko wa maana. Aliye mbele yako ndiye ukuta wako.

Kumbi nyingi huwa na mito ya kuwainua watoto, na huitoa bure. Sisi tulipofika ilikuwa imekwisha. Sawa, vitu huisha. Mbele ya mwanangu akaja kuketi baba mmoja mrefu. Taa zikazimwa, ngoma zikalia, ukumbi mzima ukashangilia, na mwanangu akanivuta mkono: "Mama, kuna nini? Wanashangilia nini?" Yeye alikuwa anaona kisogo na kola ya sweta ya kijani.

Nikavua koti, nikalikunja mara nne, nikamwekea chini. Uso wake ulivyofunguka! Mdomo wazi, macho hayapepesi. Hazikupita dakika tano, tochi ikatumulika. Mhudumu wa ukumbi, kijana tu, anasema koti litoke, mtoto anawaziba walio nyuma. Nikalitoa, nikampakata. Tochi ikarudi. Kila mtu kwenye kiti chake, ndiyo kanuni, na kama hatuwezi tutoke nje. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yetu akainama mbele, akamwambia kwa upole kwamba yeye anaona vizuri, amwache mtoto. Si yeye ndiye aliyekuwa anatetewa? Kijana hakumtazama hata. Alisimama pale pale, tochi imemulika magoti ya mwanangu, mpaka mtoto akateremka mwenyewe na kurudi nyuma ya ile sweta. Hakulia. Afadhali angelia.

Kwetu mtoto wa kupakatwa halipiwi. Ukipanda matatu na ukaamua kumlipia kiti chake, hakuna makanga atakayekuja kukuuliza ameketije. Hawa wanamlipisha kiti cha mtu mzima, kiti hakimfai, na ukimpakata wanataka kukutoa. Huo kwangu ni wizi, na nitausema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza.

Basi hapo ningemalizia: msiende. Lakini itakuwa sijasema kweli yote. Binti yangu aliona kila kitu. Nusu nzima ya kwanza alikaa ukingoni mwa kiti, kiganja mdomoni, na wakati wa mapumziko aiskrimu iliyeyuka mkononi akimhadithia mdogo wake alichokosa, akiwaigiza wote kwa sauti zao. Na tulipokuwa tukirudi kuketi, mhudumu mwingine, mama wa makamo, alitujia na mto kwapani. Sijui nani alimwambia. Akauweka, akaupigapiga, akampandisha mwanangu, akaenda zake. Kazi ya nusu dakika.

Kwa hiyo nusu ya pili mwanangu aliiona. Karibu na mwisho karatasi nyeupe zikamiminika kutoka darini kama theluji, naye akanyoosha mikono yote miwili. Moja aliitia mfukoni. Mpaka leo iko kwenye koti lake la shule, imekunjamana, na siku niliyotaka kufua alinipokonya.

Je, thamani yake ni pauni 72.50? Kwa binti wa miaka 9, ndiyo, nasema bila kusita. Kwa wa miaka 5, hapana. Au niseme hapana kwa bei hiyo, maana baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba kiangazi kuna mpango wa Kids Week: mtoto mmoja huingia bure akiwa na mtu mzima aliyelipa kamili, na wengine 2 kwa nusu bei. Tungetumia pauni 108.75. Nusu kamili! Iliniuma upya. Na tangu hapo nimempeleka Little Angel kule Islington, ukumbi mdogo wa vikaragosi uliokuwepo tangu 1961, ambako mtoto ndiye mgeni mwenyewe, hakai nyuma ya kisogo cha mtu. Alitoka akiwa na furaha ileile. Tena huenda zaidi, ingawa karatasi ya mfukoni si ya huko.

Barua ya malalamiko bado iko kwenye simu yangu, sijaituma. Nimeifuta na kuiandika mara kadhaa. Kila nikifika pa kusema nirudishiwe kiasi gani nasita, kwa sababu ya yule mama wa mto. Jana usiku nimeamua. Nadai kiti kimoja, nusu ya kwanza tu: pauni 36.25.