Mila au majalada ya serikali? Kitabu cha Dorothy Hodgson kuhusu Wamaasai

Anayeshikilia kwamba mwanamke wa Kimaasai hana ng'ombe kwa sababu ndivyo mila ilivyo, atakuwa na kazi kubwa ya kuzijibu hoja za Dorothy Hodgson katika Once Intrepid Warriors, kitabu cha mwaka 2001. Hodgson, mwanaanthropolojia aliyezama katika historia, alifanya utafiti Emairete, Mti Mmoja na Embopong', wilayani Monduli, kisha akayapima masimulizi ya wenyeji, wake kwa waume, pamoja na majalada ya utawala wa kikoloni.

Anaonyesha kwamba hapo awali mume na mke walikuwa na haki zilizoingiliana juu ya mifugo ileile: mke alitengewa ng'ombe wa kukamua, akaamua maziwa yagawiwe nani, na akabadilishana maziwa na ngozi kwa nafaka za majirani wakulima. Waingereza walimtambua mwanamume peke yake kuwa mkuu wa kaya, wakamtoza kodi hata ya wake alioongeza, wakaimarisha minada ambako fedha iliishia mkononi mwake. Mipango ya maendeleo nayo, kuanzia ule wa Umasaini wa 1951 hadi 1955 mpaka mradi wa malisho uliofadhiliwa na Marekani katika miaka ya 1970, ikazungumza na mwanamume huyohuyo kama ndiye mwenye mifugo. Hapa ndipo penye nguvu ya kitabu, kwa kuwa tunaona haki ya mwanamke ikimegwa kidogo kidogo, na hatimaye hali hiyo mpya ikaitwa desturi ya kale.

Wanaume hawakusahaulika. Maelezo yake kuhusu ormeek, jina la dharau walilopewa Wamaasai waliosoma na kuvaa suruali, yanaeleza vizuri jinsi heshima ya mwanamume ilivyobadilika kutoka rika moja hadi jingine.

Sura za kabla ya ukoloni zinategemea ushahidi mchache, na Kiingereza chake cha kinadharia kitawachosha wengi; kitabu hiki kinastahili tafsiri ya Kiswahili, maana waliotoa masimulizi wana haki ya kuyasoma na kuyapinga. Maofisa mifugo na watumishi wa asasi za wafugaji wakisome, kisha waendelee na kitabu chake kingine, Being Maasai, Becoming Indigenous cha 2011, kinachofuatilia harakati za watu wa asili tangu Moringe ole Parkipuny, mwanaharakati wa Kimaasai kutoka Tanzania, alipohutubia kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa mjini Geneva mwaka 1989.