Kuchorewa Ukuta wa Fremu Dar: Juu Pazuri, Chini Panabanduka

Mkono wa wachoraji wa mitaani hauna ubishi. Wenye fremu (vyumba vya biashara) wanaupenda kwa sababu ya kibiashara: "shuka penye ukuta wa twiga" humfikisha bodaboda haraka kuliko namba ya nyumba. Na ukuta wenye picha mara nyingi huheshimiwa kuliko ule ulioandikwa "usikojoe hapa, faini".

Lalamiko liko kwenye mita moja ya chini. Yakipita masika tu, rangi inatoa malengelenge, kisha inabanduka magamba. Mkosaji ni rangi ya mafuta. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji wenye jina lake, alipoanza Msasani mwishoni mwa miaka ya 1960, aliipaka juu ya hadibodi (ubao mwembamba wa kiwandani), na huko inakaa na kung'aa. Wachoraji wengi wa mitaani wamerithi mkono wake pamoja na kopo lake la rangi. Lakini ukuta wa bloku hunyonya unyevu wa ardhini. Rangi ya mafuta ikiuziba, maji hukosa pa kutokea na kuisukuma. Lipu mbichi ni balaa zaidi, saruji yenyewe huila rangi hiyo.

Kabla ya kutoa advansi, mbane fundi. Lipu iwe na wiki 4. Chumvi nyeupe inayotoka ukutani ikwanguliwe kwa brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu, maana ukiiosha inarudi ndani. Ifuate praima (rangi ya kutangulia) ya kuhimili saruji, halafu rangi ya maji ya nje. Ukuta wa mita 6 kwa 2.5 ni mita za mraba 15. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa koti (mpako mmoja), kwa hiyo praima lita 1.5 na galoni ya lita 4 kwa koti mbili za msingi zinatosha. Akidai ndoo ya lita 20, ujue kuna ukuta mwingine anaupaka. Sentimita 50 za chini ziachwe rangi moja iliyokolea, bila picha, uzirudie mwenyewe kila mwaka.

Majirani hununa wasipoulizwa. Anza na mwenye nyumba (mpangaji wa fremu hana ukuta), kisha mwenyekiti wa mtaa. Karibu na msikiti sura za watu huleta maneno; jahazi na maua hupita. Jina la soda likiingia, picha inageuka bango, na bango lina ushuru.

Wachoraji wape kazi, ila rangi nunua mwenyewe.