Mashine ya CPAP safarini: ndege au meli ya kitalii?

Anayekatika pumzi usingizini haiachi nyumbani mashine yake ya CPAP, ile inayompulizia hewa kupitia barakoa akiwa amelala, hata kwa usiku mmoja.

Ndege inakusumbua kabla hujapaa. Mashine usiitie kwenye mizigo ya chini, ibebe mkononi. Kwa safari za Marekani inatambuliwa kama kifaa cha tiba, kwa hiyo haihesabiwi pamoja na mabegi yako. Mwaga maji yote ya kwenye kitangi chake cha kuipa hewa unyevu, yasije yakaingia kwenye mota. Kwenye ukaguzi huenda ukaambiwa uitoe. Ifunge kwanza kwenye mfuko safi wa plastiki, maana trei ile imeshabeba viatu vya watu. Ukitaka kuitumia angani, liarifu shirika mapema na usiitegemee soketi ya kiti. Betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi) haihitaji ruhusa. Ikiwa kati ya 100 na 160 shirika liridhie kwanza, na za akiba unakaa nazo wewe.

Melini shida iko chumbani. Soketi mara nyingi ziko kwenye meza ya kioo, mbali na mto, na ekstensheni zenye kinga ya umeme huchukuliwa mlangoni kwa hofu ya moto. Iandikie kampuni wakuwekee waya wao, pamoja na maji yaliyokenekwa, yale yasiyoacha magadi kitangini.

Mimi ningechagua meli: ukishachomeka siku ya kwanza, umemaliza. Kwenye safari ya ndege ya muda wa saa sita, bora nikeshe.