Tathmini ya huduma ya ukaguzi: Subaru STI niliyotaka kuinunua na fundi niliyemlipa aikague

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2003, ya buluu, yenye giaboksi ya gia sita, na mwenyewe alikuwa akiliuza nyumbani kwake Mbezi Beach, Dar es Salaam. Nililipenda tangu picha ya kwanza, na kwa kuwa nililipenda mno nikajua kuwa si mimi ninayefaa kulikagua. Nimeandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaotafuta magari ya aina hii, kwa sababu gari la mbio lililotumika linaweza kung'aa nje kama sahani ya harusi huku injini yake ikiwa imebakiza miezi mitatu tu.

Nilikaguliwa gari hilo mara mbili. Mara ya kwanza dalali alinipeleka kwenye gereji moja ambako kijana alichomeka mashine ya kompyuta chini ya usukani, akasubiri kidogo, akaniandikia karatasi kwamba hakuna kosa lolote. Kazi nzima haikufika dakika 15, nami nikalipa shilingi 30,000. Sisemi kwamba mashine ile haina kazi, lakini kumbukumbu ya makosa hufutwa kwa dakika moja na mashine ile ile inayoisoma, na injini inaweza kupoteza nguvu katika silinda moja kwa muda mrefu kabla kompyuta haijalalamika. Mtu anayeuza ukaguzi wa namna hiyo kwa mnunuzi wa gari lenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, anamuuzia utulivu wa moyo usio na msingi.

Mara ya pili nilimtafuta fundi anayejishughulisha na Subaru peke yake, ambaye humfuata mteja gari liliko. Anatoza shilingi 180,000, na huduma hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba muuzaji asiwashe gari tangu usiku, na la pili kwamba akubali mapema plagi zifunguliwe. Tulipofika saa moja asubuhi, kabla hata ya kusalimiana vizuri na mwenye gari, fundi aliweka kiganja juu ya bonneti, akanigeukia na kuniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hili limeshaamshwa leo." Akamweleza muuzaji kwa heshima kwamba tutarudi kesho, na tukarudi kesho yake bila kuongezewa senti. Kwa hilo pekee nilianza kumwamini, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi ambayo iliyolala usiku kucha hulazimika kuyasema.

Siku ya pili injini ilikuwa ya baridi. Ilipowashwa ilitoa mgongano mwepesi, tak tak tak, kama mtu anayegonga meza kwa kalamu. Mimi moyo ulinishuka, lakini fundi aliniambia nitulie na nisikilize. Injini ya STI ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na pistoni za Subaru nyingi hucheza kidogo zikiwa za baridi kisha hunyamaza zinapopata joto na kutanuka. Mgongano wa kuogopwa ni ule mzito unaozidi kadiri injini inavyopata joto na kadiri unavyokanyaga mafuta, kwa kuwa huo hutoka kwenye beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki. Wetu ulinyamaza ndani ya dakika nne. Moshi haukuwa wa buluu wala mweupe.

Kuhakikisha kwamba gari ni STI halisi kulimchukua muda mfupi. Kwa magari ya Japani ya kizazi hicho, namba ya chesisi ya STI huanza na herufi GDB, wakati WRX ya kawaida yenye umbo lile lile ni GDA, na wako wanaobandika nembo za STI juu ya GDA na kuongeza bei. Hili lilikuwa GDB kwenye bamba la chini ya bonneti, na mkono wa gia ulikuwa na ile pete inayovutwa juu ili kuingiza gia ya kurudi nyuma. Bodi nayo aliipitia kwa kipimo cha unene wa rangi. Ubavu wa kushoto ulikuwa na puti karibu na mlango wa nyuma, jambo ambalo muuzaji alikuwa amelisema mwenyewe. Tairi za mbele zilikuwa mpya na za nyuma zimelika. Katika gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hilo si dogo, maana tairi zisipolingana mzunguko, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi isiyotakiwa kila kilomita unayokwenda.

Kisha likaja jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona likifanywa kwa mnunuzi. Fundi alikuja na filta mpya ya oili, akaomba ruhusa, akafungua ya zamani na kuikata pembeni kwa kifaa chake kama mtu anayefungua kopo la maziwa. Karatasi ya ndani aliikunjua juu ya kitambaa cheupe, akaikamua, akaigeuza juani. Katika mikunjo yake mlikuwa na chembe chache sana za rangi ya fedha, ndogo kuliko punje ya chumvi, na hakuna hata moja ya rangi ya shaba. Aliniambia nisogeze uso niangalie mwenyewe. Chembe za shaba zingemaanisha kwamba beringi zimeshaanza kuliwa, na kwa hiyo tungefunga bonneti na kuondoka. Alipiga picha, akafunga filta mpya, akajaza oili iliyopungua kutoka kwenye kopo alilokuja nalo.

Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja, alifungua kifuniko cha pembeni akauona. Dashibodi ilionyesha kilomita 138,000 na muuzaji hakuwa na risiti wala kibandiko cha kuonyesha kwamba mkanda uliwahi kubadilishwa, ingawa kwa injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika katika injini hii, pistoni hukutana na valvu, na hapo huzungumzii tena mkanda.

Baada ya kulijaribu barabarani, injini ikiwa na joto, akapima kompresheni, yaani msukumo wa hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Kazi hii ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya malipo yake, kwa sababu plagi za Subaru ziko pembeni, zimebanwa kati ya injini na chesisi, na ili mkono ufike upande wa kushoto ilibidi afungue betri na tangi la maji ya kioo kisha aifunge tena betri ili injini izungushwe. Alizima pampu ya mafuta, akatoa plagi zote nne, akaniomba nikanyage mafuta hadi mwisho huku nikizungusha stata, na akasoma kipimo kila mara kwa sauti ili nami niandike. Silinda ya 1 ilitoa psi 150, ya 2 ikatoa 146, ya 3 ikatoa 148. Ya 4 ilitoa 112. Akairudia mara mbili zaidi, na haikupanda juu ya 115. Mafundi wengi huanza kutilia shaka tofauti inapozidi asilimia 10 au 15, na hii ilizidi 20.

Alinieleza anachodhani bila kujifanya nabii. Gari lilikuwa limefungwa eksozi kubwa na filta ya hewa ya wazi, mambo ambayo muuzaji aliyataja kama sifa, lakini hakuna aliyeweza kusema nani aliiandikia kompyuta ya injini maelekezo mapya ya kuendana na vitu hivyo. Hewa ikizidi na mafuta yakabaki kidogo wakati tabo inasukuma, mchanganyiko hulipuka vibaya, na kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi huvunjika. Silinda ya 4, iliyoko nyuma upande wa kushoto, ndiyo wanayoilalamikia zaidi mafundi wa injini hizi.

Hapa ndipo ninapompunguzia alama. Ili kujua kama hewa inapotea kwenye ringi au kwenye valvu, alidondosha oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Njia hiyo inafaa kwa injini ambayo silinda zake zimesimama wima, lakini katika injini iliyolala oili huenda kukaa upande wa chini wa silinda na haizibi ringi sawasawa, kwa hiyo jibu lake halitoshi. Kinachotakiwa ni kipimo cha kuingiza hewa ya kompresa katika silinda na kusikiliza inatokea wapi, na fundi anayejitangaza kuwa wa Subaru peke yake hana kisingizio cha kutokuwa nacho. Ripoti nayo ilifika kesho yake usiku ilhali niliahidiwa siku ile ile, huku dalali akinipigia kila saa, na picha 40 hazikuwa na maelezo. Kwa upande mwingine, ripoti iliandika waziwazi kile ambacho hakukifikia: tabo ilisikilizwa tu, haikufunguliwa, na kichujio kidogo cha wavu kilichomo katika bomba lake la oili hakikukaguliwa. Nathamini sana fundi anayeandika sentensi kama hiyo.

Madeni ya trafiki na kulinganisha namba za chesisi na injini na zile za kadi havimo katika huduma yake. Nilivifanya mwenyewe na vilikuwa sawa.

Muuzaji alitazama namba nilizoandika, akasema injini ya Subaru haifi, akakataa kushusha bei. Sikulinunua. Nilimlipa fundi fedha yake yote papo hapo, na ninampa alama nne kati ya tano. Ya tano ataipata akinunua kile kipimo cha hewa. Jumamosi ijayo saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakwenda Tegeta kuangalia jingine la mwaka 2006, na mwenye nalo ameahidi kwamba halitawashwa hadi tufike.