Betri ya gari ya zamani: kabla hujauliza bei, angalia vichwa

Nimeandikiwa tena na dada mmoja wa Tabata, ana Corolla 110, betri kanunua juzijuzi tu na tayari asubuhi gari inafanya tik tik tik halafu kimya. Muuzaji anasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, imekufa, fundi rewaya (wa umeme wa magari) anasema betri ni feki, yeye anauliza anunue ipi nyingine. Nikamwambia subiri kwanza, nitumie picha ya vichwa, zile nguzo mbili za juu ya betri ambako waya zinafungwa. Picha ikaja, kichwa cha chanya kimezungushiwa kipande cha bati la kopo na skrubu imepigiliwa pembeni ili klipu ya waya, iliyo pana kuliko kichwa, ibane. Betri ya watu haina kosa lolote!

Malalamiko ninayopata kuhusu betri, mengi sana yanaishia hapohapo. Mambo ya ampia na garantii kila mtu atakwambia, mimi siyarudii. Hakuna anayekwambia kwamba betri za Kijapani zina vichwa vya saizi mbili, vyembamba na vinene, na umbo la betri linaweza kuwa lilelile kabisa. Soma maandishi juu ya betri. 46B24L ina vichwa vyembamba, 46B24LS ina vinene, tofauti ni hiyo S tu ya mwisho, na dukani zote utaambiwa "NS60 hiyo dada, inaingia", NS60 likiwa jina la zamani la saizi hiyo. Inaingia ndio, kwenye kikalio chake, ila waya sasa. Kwenye hizo namba, B ni upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, L au R ni upande ambao chanya imekaa, ukikosea upande waya hazifiki na fundi ataanza kuzivuta kwa nguvu. Gari nyingi ndogo kutoka Japani zilikuja na vichwa vyembamba, lakini gari ikishapita mikononi mwa mafundi miaka 20 huwezi kujua nani alibadilisha klipu akaweka za vichwa vinene, kwa hiyo usiamini kitabu, fungua boneti upige picha ya ile betri inayotoka, uende nayo.

Na usidhani ni jambo dogo. Stata wakati inazungusha injini inavuta ampia zaidi ya 100, klipu ikishika nusunusu umeme unapotea palepale kwenye kichwa, panapata moto, na chaji ya altaneta nayo hairudi vizuri ndani ya betri, basi betri mpya inaishi na njaa mpaka inakufa. Kupima ni rahisi, mita ya volti unaweka waya mmoja katikati ya kichwa chenyewe cha risasi na mwingine kwenye klipu, mtu awashe gari, usome wakati stata inazungusha. Ikisoma zaidi ya nusu volti, tatizo lako ni klipu, na klipu mpya haifiki hata robo ya bei ya betri.

Haya, za kununua. Ya kwanza kwangu ni Chloride Exide, na sijifichi, naipendelea. Inatengenezwa hapo Kenya, haijapita bahari wala kukaa kwenye kontena, na betri ya risasi hata ikikaa tu bila kazi chaji inashuka na sahani za ndani zinaota chumvi ngumu. Kwa joto la Dar ndio kabisa, joto linaila betri kuliko baridi. Ya pili GS au Yuasa, ni kampuni moja tangu 2004, hiyo GS ni herufi za Genzo Shimadzu, Mjapani aliyeanzisha kazi hiyo. Betri nzuri sana, ila kagua stika vizuri na ununue duka ambalo mzigo haukai sana. Ya tatu Amaron, lile la kijani la India, watu wa teksi wanaisifu na siwabishii, mimi tu halijaniingia moyoni. Zile za majina ambayo hujawahi kuyasikia, za bei ya kutupa, kama gari unaiuza mwezi ujao nunua.

Yoyote utakayochagua ipimwe dukani mbele yako kabla ya kulipa. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4 iache, wasikwambie "itajichaji barabarani". Ukishawasha gari isome kati ya 13.8 na 14.4, ikiwa nje ya hapo ndio tuongelee altaneta. Kuvua waya anza na hasi, kufunga malizia na hasi. Ule unga mweupe wa vichwani maji ya moto yanautoa, kausha, funga, halafu ndio upake vaselini juu, sio kabla. Betri ya kuongezwa maji, ongeza maji safi ya betri tu, asidi hapana. Na kama una ile redio ya Kijapani yenye ramani, ukichomoa betri inaweza kujifunga ikaanza kukudai kadi ya ramani, mwambie fundi ashikizie umeme wa pembeni kwanza, wengi wanajifanya hawajui.

Kinachoniudhi mimi kuliko vyote ni betri ya zamani. Unaenda pale Kariakoo, wanakufungia mpya, ya zamani kijana ameshaiweka nyuma ya kaunta kabla hujashika hata risiti. Ile imejaa risasi, inauzwa kwa kilo kwa watu wa chakavu, na bei ya mpya kila ukirudi imepanda, "dola dada, dola". Ukiomba wakate ya chakavu kwenye bei unaambiwa ile ni taka tu. Mimi nawaambia sawa, kama ni taka niwekeeni kwenye buti niende nayo nyumbani, na hapo ndio bei inaanza kushuka.